Kigoda cha Marahaba

Siku niliyorudishwa nyumbani kwa mkokoteni wa muuza maji, nimekaa katikati ya madumu kama bibi harusi aliyekosewa anwani, ndiyo siku mwanangu alipompigia simu baba yake mdogo.

"Baba mdogo, njoo umchukue," nilimsikia kupitia ukuta. "Mimi kutwa niko kazini. Leo kakatika pumzi pale kwa Mama Vifungo, kesho atakatikia katikati ya barabara."

Mwanangu ni mpiga pasi katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli. Mashine za huko zinanguruma tangu asubuhi, kwa hiyo amezoea kuongea kwa kelele. Hata siri zake anazipigia kelele. Nilisikia yote, na jibu la upande wa pili nililijua bila kulisikia. Mdogo wangu angekubali, kwa sababu ni mtu mwema.

Ana nyumba kubwa nje ya mji, ina uzio, ina geti la chuma, na ina kuku. Asubuhi atakueleza habari za kuku, mchana atakueleza habari za kuku, na jioni kuku wakishalala atakueleza walivyolala. Geti hufungwa saa zote. Na mimi watu wananiita Mzee Njiani, maana kila nikipigiwa simu nikaulizwa niko wapi, jibu langu ni hilo hilo: niko njiani. Nimebeba saruji, nimechoma mikate kwenye tanuri za kuni, nimesafiri na treni za mizigo juu ya makaa ya mawe, nimevunja kokoto. Shule nilisoma vipande vipande, darasa moja hapa, nusu darasa kule. Mapafu ndiyo yaliyohudhuria kila kipindi. Vumbi la kila kazi yanalo hadi leo.

Daktari wa kifua aliniambia ugonjwa wangu ni sugu, hauponi, ila unafugika.

"Kama kuku?" nikamuuliza.

Hakucheka. Alinipa pampu mbili za kuvuta dawa, moja ya kila siku na moja ya kuniwahi nikibanwa, akanielekeza kwa mtaalamu wa mazoezi hapo hapo zahanati. Ni binti mrefu wa viatu vya raba, anatembea kama mtu anayesukumwa na upepo kwa nyuma. Mimi namwita Mwalimu. Siku ya kwanza nilidhani ananifanyia mzaha. Mtu hana pumzi, wewe unampa mazoezi?

"Ndiyo sababu yenyewe, babu," alisema. "Miguu iliyolegea inakula hewa nyingi. Ukiifundisha kazi, itakula kidogo, na kifua kitabakiwa na akiba."

Hilo lilinikaa. Sikuwahi kufikiri kwamba miguu inakula hewa. Nilirudi nyumbani nikaitazama miguu yangu muda mrefu, kama mtu aliyegundua kwamba wapangaji wake wanamwibia umeme.

Alinifundisha kuvuta hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama unapoza chai. Alinifundisha kukaa kitini na kusimama bila kujisukuma kwa mikono. Kisha tukatembea kwenye korido ya zahanati, na hapo akanipa sheria moja. "Mwendo wako uwe ule unaokuruhusu kusema. Ukishindwa kusema, umezidisha. Punguza, au simama."

Sheria hiyo niliishika kuliko zote, kwa kuwa kusema ndiko ninakokuweza.

Sasa ajabu ni hii. Kwenye korido nilikuwa nakwenda na kurudi, napita benchi la akina mama na watoto wachanga, napita mlango wa daktari wa meno, nageuka dirishani, narudi, mpaka Mwalimu mwenyewe aseme basi. Lakini barabarani kwetu, lami tambarare, safari fupi kuliko yale mazungusho yote, nilikuwa nikifika kwa Mama Vifungo fundi cherehani kifua kinajifunga kama duka la mtu aliyefiwa.

Nilimwambia mwanangu jambo hilo jioni ile ile ya mkokoteni.

"Miguu ni ile ile, mapafu ni yale yale. Kwa nini kule naweza na hapa siwezi?"

"Baba, mimi sitaki mafumbo. Nataka nikirudi kazini nikukute mzima."

"Na nikienda zahanati na kurudi kwa miguu yangu mwenyewe?"

"Bila mkokoteni?"

"Bila mkokoteni."

Alikunja kanga aliyokuwa ameishika, akaikunja tena, kona kwa kona, kama afanyavyo akiwa anafikiri. "Baba mdogo anakuja mwisho wa mwezi. Atembee nawe, aone kwa macho yake. Ukienda na kurudi, utabaki hapa. Ukishindwa, unapanda gari lake bila ubishi."

"Na akianza habari za kuku?"

"Utasikiliza."

Basi nikaanza uchunguzi. Mshitakiwa wa kwanza alikuwa mlima. Huenda barabara yetu inapanda kidogo na macho yangu hayaoni. Niliazima kwa Mama Vifungo kibiringo cha uzi, nikakiweka juu ya lami, nikachuchumaa kukitazama.

Mama Vifungo alisimamisha cherehani. Jina lake linatokana na chupa kubwa ya vifungo anayoiweka barazani, ya kila rangi, na hakuna kifungo kilichopotea mtaani ambacho hana nduguye. "Mzee Njiani, unatafuta nini hapo?"

"Mlima."

"Kwenye lami hii?"

"Ndiyo."

"Ukiupata niite, nami niuone."

Kibiringo hakikwenda mbele wala nyuma. Pikipiki ilipita, dereva akaniuliza kama nimepoteza sindano. Nikaufutia mlima mashitaka.

Nikashuku viatu. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kiko mbele kidogo ya kwa Mama Vifungo, alivipindapinda, akavinusa, akanirudishia. "Hivi viatu vimetembea kuliko mimi na wewe. Havina kosa. Waombe msamaha." Nikashuku vumbi, nikatoka baada ya mvua, barabara imeoshwa safi, nikakatika pale pale. Nikashuku jua. Siku iliyofuata nilitoka mapema, ubaridi bado uko, watu ndio kwanza wanafungua milango. Kinyozi alikuwa anafagia kule mbele, akaniona kwa mbali, akapiga kelele.

"Shikamoo, Mzee Njiani!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Umeamkaje?"

"Salama kabisa. Na mkeo? Mtoto anaendeleaje, ameacha kulia usiku?"

Alinijibu, nami nikamjibu, huku natembea, maana nilijua Mwalimu angefurahi kuona naweza kusema. Wanafunzi wakapita, shikamoo, shikamoo, shikamoo babu, na kila mmoja nikampa yake. Muuza mboga naye. Mke wa fundi bomba naye, huyo na habari za goti lake. Asubuhi hiyo sikufika hata kwa Mama Vifungo. Nilishika nguzo ya umeme, nikavuta pampu, nikarudi ndani. Jua nalo likaachiwa huru, kwa kuwa kwenye ubaridi nilifanya vibaya zaidi.

Nikaenda barabara ya nyuma, ile inayopita kando ya ukuta wa shule, ambako sijui mtu. Nilitembea ukuta mzima. Nikageuka, nikautembea tena. Hapo ndipo nilipokosa usingizi, si kwa kifua, bali kwa kutaka kujua. Barabara yetu ilikuwa na nini?

Jibu lilikuja kwa njia ya jino.

Gego langu la chini lilikuwa linasumbua muda mrefu, na siku moja baada ya mazoezi daktari wa meno aliling'oa. Akanipa donge la pamba. "Ling'ate sana, babu. Usifungue mdomo, usiongee na mtu, mpaka damu ikauke." Nikatoka nje kungoja bajaji ambayo mwanangu huiagiza inirudishe. Bajaji haikuja. Simu ninayo mfukoni, lakini nitampigia nani nimwambie nini, nimefumba mdomo? Nikasema moyoni, acha nijikokote mpaka nitakapochoka, hapo nitakaa chini dunia ijue la kufanya.

Nikapita kituo cha mafuta. Vijana wa pampu wakanisalimu, nikainua mkono. Nikapita kwa kinyozi, mkono. Fundi viatu, mkono. Mama Vifungo akaniita mara mbili, nikamwonyesha shavu lililovimba, nikapita. Nilikuwa nafikiria uchungu wa jino na si kitu kingine, na niliposhtuka nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wetu, ufunguo mkononi.

Nilibaki pale nikikitafuta kifua changu kiko wapi. Kilikuwa mahali pake, kinapumua.

Mtu mwingine angeshukuru akaingia ndani. Mimi nilitaka kujua ni nini hasa kilichonifikisha, pamba au kimya. Kesho yake nikang'ata pamba mpya nikatoka.

"Jino jingine tena?" Mama Vifungo akauliza. "Watakumaliza."

Nikatikisa kichwa, nikapita, nikafika hadi kituo cha mafuta na kurudi. Siku nyingine nikatoka bila pamba, ila kimya. Nikafika. Halafu nikatoka bila pamba na mdomo wangu wa kila siku, namjibu kila mtu kwa ukamilifu wake. Kwa fundi viatu nikakwama. Nilikaa kwenye kizingiti cha kibanda chake, nikaanza kucheka, na kicheko kikanimalizia hewa kidogo iliyokuwa imebaki. Maskini yule bwana alidhani nakata roho. Akanipepea kwa soli.

Nilimpelekea Mwalimu matokeo hayo kama mtoto anayepeleka chungwa alilolichuma mwenyewe.

"Ngoja," alisema. "Wewe unatembea huku unaongea muda wote?"

"Si ulisema niweze kusema?"

Alifunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanatikisika. "Babu, nilisema ujipime! Neno moja, maneno mawili, uone kama hewa ipo. Sikusema uhutubie. Ukiweka kipimajoto kwapani, unatembea nacho mchana kutwa?" Kisha akatulia, akawa mdadisi kama mimi. "Lakini mimi nami sikukuuliza kwenu kukoje. Hapa koridoni hakuna anayekusalimu. Kule unasalimiwa na wangapi?"

"Wote."

"Na wote unawajibu?"

"Mwalimu, mtoto wa watu akupe shikamoo umwachie hewani?"

Aliniambia nisimame mbele yake niseme marahaba, kisha niulize hali ya nyumbani, watoto, kazi, wagonjwa. Nikasema. Akanionyesha jinsi pumzi yote ilivyotoka na maneno, na jinsi nilivyovuta nyingine haraka haraka kwa mdomo, juu juu tu. Ukiwa umekaa, hilo halina neno. Ukiwa unatembea, miguu nayo inadai chakula chake, na kifua hakiwezi kulisha pande mbili. Na ile pamba, alisema, ilinibana midomo nikapumua sawasawa kama alivyonifundisha, bila mimi kujua.

Basi nikawa natembea kimya. Nilikwenda mbali. Nilikuwa na furaha yangu peke yangu.

Haikupita wiki, Mama Vifungo akabisha hodi kwetu, mkoba begani, uso wa msibani. Alikataa chai.

"Mzee Njiani, nimetumwa na mtaa. Tumekukosea nini?"

"Nyie? Hakuna."

"Unapita kama waziri. Mkono juu, macho mbele. Watoto wanasema babu kanuna. Kinyozi hali chakula, anasema umemchukia kwa sababu alikuharibu nywele upande wa kushoto."

"Aliniharibu nywele?"

"Hujaona?"

Nikajipapasa. Ni kweli, palikuwa na bonde. Nikamweleza Mama Vifungo habari yote, kibiringo, viatu, jino, miguu inayokula hewa. Alisikiliza kwa umakini wa mtu anayepima kitambaa cha ghali.

"Sasa kwa nini usisimame ukatusalimia, halafu uendelee?"

"Kusimama nako kunakula. Na sipendi kuegemea kuta za watu kama mwizi."

"Basi kaa."

"Nikae wapi?"

Alinitazama kama mtu niliyemuuliza sindano inaingia upande gani. Asubuhi yake palikuwa na kigoda barazani kwake, chini ya kivuli cha paa. Ukitoka kwetu, yeye ndiye wa kwanza, anafuata fundi viatu, kisha kinyozi, kisha kituo cha mafuta, na zahanati iko ng'ambo. Fundi viatu akatenga kigoda cha wateja wake, kimoja tu alichonacho. Kinyozi akatoa kiti kilichovunjika mgongo, na akanirekebishia nywele upande wa kushoto. Vijana wa kituo cha mafuta wakapindua kreti.

Utaratibu ukawa huu. Nikiwa natembea, fimbo juu, maana yake nimekusikia, nakuja. Nikifika kitini nakaa, naegemea mbele, mikono magotini, napoza chai yangu ya hewani mpaka kifua kitulie. Ndipo nagawa marahaba, moja moja, zenye ujazo wake. Mtaa ulipozoea ukaanza kuniachia salamu kama vifurushi.

"Muuza mboga amepita," Mama Vifungo angesema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Ameacha shikamoo."

"Marahaba. Muulize goti la mke wa fundi bomba linaendeleaje."

Ila kinyozi hakukoma kunipigia kelele nikiwa bado mbali. Kuna watu wana moyo usiojua kungoja.

Mdogo wangu akaja siku aliyosema. Ameongezeka mwili, amevaa koti, gari ameliegesha mlangoni huku mlango wa nyuma uko wazi kabisa, tayari kwa mizigo yangu. Mwanangu alikuwa na siku ya mapumziko. Aliketi dirishani kututazama tunavyotoka. Nilikuwa nimevuta dawa yangu, nimefunga kamba za viatu. Niliona lile geti la chuma kana kwamba lilikuwa limesimamishwa mwisho wa barabara.

"Twende, kaka," mdogo wangu alisema, na tulipopiga hatua ya kwanza tu akaanza. "Sasa nimeleta kuku wa kizungu, weupe, wanakula hao! Unamkumbuka yule jogoo wetu wa utotoni? Kaka? Yule mwenye kishungi kimoja? Mbona hujibu? Umenikasirikia? Sema basi, kule kwangu utalala chumba cha mbele au cha nyuma?"

Fimbo juu. Fimbo juu. Kwa Mama Vifungo nikakaa, nikapoza, nikangoja mpaka moyo urudi chini. Kisha nikamjibu kwa mpangilio alioulizia.

"Namkumbuka, alinidonoa sikio. Sijakasirika. Sitalala chumba chochote."

Mama Vifungo aliinamia cherehani akicheka. Tukaendelea hivyo hivyo, kiti hadi kiti, yeye akisema, mimi nikikusanya maswali. Tulifika zahanati. Mwalimu alituona mlangoni, akaniinulia dole gumba, nami nikapumzika kwenye benchi mpaka nikawa mtu kamili. Mdogo wangu alifuta jasho. Sikulizingatia jasho hilo.

Kurudi ndiko kulikokuwa na mtihani. Baada ya kiti cha kinyozi mdogo wangu alianza kusikika akiongea kwa vipande. Jogoo... yule... kaka... ngoja. Tulipokaribia kwa fundi viatu nami nilikuwa nimefika mwisho wa akiba yangu, nimekitolea macho kigoda, na mdogo wangu akanipita, akajibwaga juu yake.

Kigoda kimoja. Yeye yuko juu, nami niko wima.

Nilitaka kumwambia inuka. Hewa ya neno hilo sikuwa nayo. Kifua kilianza ule mchezo wake wa kujifunga. Mdogo wangu akaniona, akaogopa, akatoa simu. "Nampigia mwanao! Alete gari!" Fundi viatu naye alikwisha kuokota soli ya kunipepea.

Nikainua fimbo. Ngojeni. Nikaweka mikono yote miwili juu ya meza ya fundi, kati ya misumari na gundi, nikainamia mbele kama Mwalimu alivyonionyesha, nikabana midomo, nikatoa hewa polepole, polepole kuliko hofu ilivyotaka. Nikavuta kwa pua. Nikatoa tena. Nilitazama msumari mmoja uliopinda, nikawa nashangaa ulipindwa na kiatu cha nani. Kidogo kidogo mlango wa kifua ukaachia. Simu ilikuwa bado mkononi mwa mdogo wangu, kidole juu ya jina la mwanangu.

"Toka kwenye kiti changu," nilimwambia.

Akatoka. Nikakaa, nikamaliza kupumzika, nikamwonyesha kupoza chai. Aliponiiga alikuwa na mashavu kama mpiga tarumbeta. Hatua zilizobaki tulizitembea kimya sote wawili, na sijui kama iliwahi kutokea tangu alipojifunza kusema.

Mwanangu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Haya. Nani kashindwa?"

Mdogo wangu aliinua mkono, ngoja kwanza. Alikaa kwenye kizingiti, akapoza, akapoza tena. Kisha akasema, "Mwache hapa hapa, mwanangu. Kule kwangu kutoka nyumbani hadi getini ni mbali, na hakuna hata kiti kimoja njiani."

Mwanangu alikwenda akaufunga mlango wa lile gari, akaingia ndani kutuletea maji.

Nami nikamtazama mdogo wangu anavyohema, nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza maisha yangu yote: kutoka mlangoni kwake hadi banda la kuku ni umbali gani, anaupita mara ngapi kwa siku, na huwa anaupita akiongea? Macho yakamng'aa. Akavuta hewa kwa pua, akaanza kunieleza, na nikasikiliza yote. Nilikuwa nimekaa.